Shamba Bila Dawa Kule Kasaji: Umaskini au Akiba?

Muulize mkulima wa Kasaji kama anatia angre katika shamba lake la muhogo, atacheka. "Angre ya feza gani, baba? Shiye tunalimaka tu sawa vile bankambo balikuwa banalima." Mwelezee kwamba kule Ulaya kuna watu wanaolipa bei ya juu kwa chakula kilicholimwa vile vile, bila mbolea ya duka na bila dawa ya kunyunyizia, atacheka mara ya pili. Kisha atauliza: hao watu wanakaa wapi, na kamyo yao inapita siku gani?

Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi tunayoyasikia. Wako wanaosema kwamba nchi maskini sawa na yetu imekwisha kufika: mashamba yake hayajaonja dawa, inakosa cheti tu, na cheti kikipatikana pesa itaingia. Wako na wengine wanaosema kwamba kilimo bila angre ni njaa iliyopewa jina la kizungu. Pande zote mbili zinapita pembeni ya jambo. Na jambo lenyewe linawahusu watu wa Kasaji, na pia jamaa za Kolwezi, Fungurume na Likasi, kwa sababu ndizo zinazokula.

Kasaji iko katika teritware ya Dilolo, mkoa wa Lualaba, zaidi ya kilometa 200 magharibi ya Kolwezi, juu ya reli inayokwenda mpaka wa Angola. Chakula kikubwa kule ni muhogo: mizizi kwa bukari, majani kwa sombe. Mahindi yako, karanga ziko, maharagi, viazi vitamu, mananasi. Migodi mikubwa ya shaba na kobalti iko mbali. Mgodi uliojulikana upande ule ni wa manganezi ya Kisenge, ambao ulianguka kazi baada ya reli ya Benguela kufungwa na vita vya Angola mwaka wa 1975.

KUKOSA SI KUCHAGUA

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kilimo hai ni kilimo kinacholisha udongo kwa vitu vyenye uhai, yaani majani, samadi, mizizi ya mikunde na vijidudu vya ardhini, ili udongo nao ulishe mmea. Mwingereza mmoja, Albert Howard, alifanya kazi miaka mingi kule India akitazama namna wakulima wa Indore walivyochanganya majani na mavi ya ng'ombe, akaandika kitabu juu ya hayo mwaka wa 1940. Mwaka wa 1972 vyama vya wakulima wa namna hiyo viliungana kule Versailles, Ufaransa, vikaunda shirikisho la dunia linaloitwa IFOAM. Kwa hiyo si mambo ya jana, na Wazungu wenyewe walijifunza sehemu yake kwa wakulima wa Asia.

Sasa tazama shamba letu. Mtu anafyeka pori mwezi wa tano au wa sita, anangoja likauke, anachoma. Majivu yanapunguza ukali wa udongo wetu, na mwaka wa kwanza mahindi yanakuwa mazuri. Mwaka wa pili anatia muhogo, juu ya muhogo unavumilia udongo uliochoka. Halafu anaacha, anakwenda kufyeka mahali pengine. Zamani pori lilipumzika miaka kumi, kumi na tano, mpaka miti ikarudi. Leo, karibu na barabara na reli, nani anangoja miaka kumi? Watu wameongezeka, wachoma makala wamekata miti, na mtu anarudi juu ya shamba lile lile baada ya miaka miwili au mitatu.

Shamba ambalo halitiwi dawa, lakini halirudishiwi kitu, ni sawa na mgodi. Unachimba, unauzisha, shimo linabaki. Tofauti ni kwamba shimo la shamba halionekani kwa macho. Unalijua kwa meka: mwaka juzi mulijaza meka mia, mwaka huu sitini, na mikono iliyolima ni ile ile.

Hesabu yake si ngumu. Tani moja ya mahindi ikitoka shambani inaondoka na kilo 15 hivi za azoti, ile inayofanya majani yawe kijani. Katika Kongo nzima hekta moja ya mahindi inatoa, kwa wastani, chini ya tani moja, na imekuwa hivyo kwa miaka mingi. Mwaka wa 2006 wakubwa wa Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kufikisha kilo 50 za mbolea kwa hekta mwaka wa 2015. Mwaka wa 2015 ulipita, na mkulima mdogo wa Kongo bado alikuwa anatia karibu na bure. Kumwita mtu huyo mkulima wa kilimo hai kwa sababu hana pesa ya kununua mfuko ni kumchezea. Ni sawa na kumsifu mtu mwenye njaa kwamba anafunga.

MARA SITINI NA KINGA

Basi akitaka kurudisha kitu, arudishe nini?

Jibu la kwanza la kila mtaalamu ni komposti. Chimba shimo, panga majani makavu, majani mabichi, mavi ya mbuzi au ya kuku, majivu kidogo, mwagia maji, geuza kila baada ya wiki mbili au tatu, funika na majani juu ya jua. Baada ya miezi mitatu hivi unapata udongo mweusi wenye harufu ya pori baada ya mvua. Hakuna uongo ndani ya hayo. Lakini wataalamu wachache wanafanya hesabu mbele ya mkulima, basi tuifanye hapa.

Mfuko mmoja wa ure wa kilo 50 una kilo 23 za azoti. Komposti ya kijijini, ikiwa nzuri, ina azoti asilimia 1 hivi ya uzito wake mkavu. Mtu anayetaka tani mbili za mahindi katika hekta moja anahitaji kurudisha kilo 30 hivi, yaani tani tatu za komposti kavu. Ikiwa na unyevu wake ni karibu tani sita. Kwa kinga inayobeba kilo mia, ni safari sitini, kwa hekta moja, na azoti yote haitoki mwaka wa kwanza. Nani atasukuma ile kinga? Kule kwetu tunajua: mama, na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo anayemwambia mama wa Kasaji atie komposti katika shamba lake lote la mahindi hajawahi kuibeba. Komposti mahali pake ni karibu na nyumba: bustani ya lengalenga, mashu, nyanya na vitunguu, kitalu, na mashimo ya mananasi na migomba. Huko safari ni fupi, maji yako karibu, na kila kilo inarudi kwa faida. Bustani ya mita ishirini kwa kumi inaweza kushibishwa vizuri na shimo moja au mawili.

Shamba kubwa linahitaji kitu kinachojibeba chenyewe. Hapo ndipo mikunde inaingia. Soya, karanga, maharagi, mbaazi na mukuna vina vinundu vidogo katika mizizi, na ndani ya vinundu mna vijidudu vinavyochukua azoti kutoka hewani na kuipa mmea. Ng'oa mche wa karanga wakati wa maua, kata kinundu kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, sawa na nyama, ujue kiko kazini. Hekta ya mukuna iliyostawi inaweza kuacha kilo 50 za azoti na zaidi, zaidi ya mifuko miwili ya ure, na hakuna mtu aliyezibeba. Mukuna inafunika pia udongo na kunyonga majani mabaya. Ubaya wake ni kwamba mbegu zake hazifai kuliwa hivi hivi, zina sumu ndani, na jamaa yenye njaa haipendi kuachia hekta nzima mmea usioliwa. Hiyo ni sababu ya haki. Ndiyo maana wengi wanapenda mbaazi, ambayo unaitia kati ya mistari ya mahindi, unakula, na majani yake yanaanguka na kuoza pale pale.

Karanga tunazilima tangu zamani, lakini wakati wa kuvuna tunang'oa mche wote, tunakwenda kupukuchulia nyumbani, na majani tunayachoma nyuma ya nyumba. Kule ni kuchoma angre ya bure. Majani yabaki shambani.

Kuna pia yale maua makubwa ya manjano, yanayofanana na alizeti, yanayoota kandokando ya barabara. Wanayaita titonia. Majani yake mabichi yanaoza upesi na yana azoti na potasi nyingi. Mtu anayakata, anayafukia katika tuta wiki mbili mbele ya kupanda. Watu wengi wanayafyeka na kuyatupa.

UDONGO WA KICHUGUU

Tuna na jambo la kwetu kabisa. Mtu yeyote aliyepita katika miombo ya Katanga ameona vichuguu vikubwa sawa na nyumba, vingine vya mita tano, na vinavyofika mita nane. Watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walivipima vichuguu vya kandokando ya Lubumbashi, wakaona kimoja chao kimepita miaka 2000. Mchwa wanapandisha udongo wa chini, wenye udongo mfinyanzi na chokaa, kwa hiyo kichuguu hakina ukali wa udongo unaokizunguka. Bankambo walijua: mboga, malenge na tumbako walivipanda juu ya kichuguu au ubavuni mwake.

Udongo huo ukisambazwa katika bustani ya mchanga unasaidia kushika maji na kutuliza ukali. Lakini kichuguu kilichochukua miaka elfu kujengwa hakitarudi kwa mwaka wa pili, na karibu na miji watu wanakivunja kufanyia matofali. Chukua ubavuni, kidogo, kwa bustani tu. Na kule ambako udongo ni mchanga mtupu, vichuguu vikubwa ni haba, usihesabu juu yake.

BIDUDU NA DAWA

Wengi wanaogopa kwamba bila dawa bidudu vitakula vyote. Woga huo una sababu. Tangu mwaka wa 2016 Afrika imepigwa na kiwavi kutoka Amerika anayekula mahindi kutoka ndani ya moyo wa mmea, na Kongo haikupona. Wakulima wengine wanatia majivu au mchanga mkavu ndani ya moyo wa mche, wengine wanaponda mayai na viwavi kwa vidole kila asubuhi. Kwa shamba dogo inasaidia. Kwa hekta tano mtu atachoka.

Lakini kuna habari moja ambayo ingepaswa kusimuliwa katika kila kijiji kinachokula muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidudu cheupe sawa na unga kilionekana juu ya muhogo pande za Kinshasa na Brazzaville. Kilitoka Amerika ya Kusini pamoja na miche. Kiliharibu majani na mizizi, kikaenea katika nchi za muhogo moja baada ya nyingine, na sombe ikawa ya kutafuta. Kunyunyiza dawa katika mashamba yote ya muhogo ya Afrika? Nani angelipa? Mtaalamu mmoja Mswisi, Hans Herren, pamoja na wenzake wa kituo cha IITA kule Nigeria, walikwenda kutafuta adui wa kidudu hicho kule kilikotoka. Walimpata Paraguay: nyigu mdogo kupita mbu. Kutoka mwaka wa 1981 walimzalisha na kumwachilia nchi baada ya nchi, nyigu akafanya kazi yake, na muhogo ukapona. Herren alipewa Zawadi ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1995. Mkulima hakununua hata chupa moja, na mpaka leo nyigu yule yuko kazini bila mshahara.

Kilimo hai si ujinga wa zamani. Habari ya nyigu ilihitaji masomo mengi, vituo vya utafiti na pesa ya serikali nyingi. Anayesema wakulima waache dawa na kisha haleti mtaalamu hata mmoja kijijini anawaachia bidudu tu.

Kule Sri Lanka walijifunza kwa uchungu. Mwaka wa 2021 serikali ilikataza ghafula mbolea na dawa zote za viwandani zisiingie nchini, ikitaka nchi nzima iwe ya kilimo hai. Mavuno ya mpunga yalianguka, mashamba ya chai yaliumia, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa mchele ikaanza kuagiza. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule walirudi nyuma. Wale watu udongo wao ulikuwa umezoea mfuko, na walinyang'anywa mfuko kabla ya kupewa kitu kingine. Kwa hiyo mtu wa Kasaji anayepata mfuko mmoja wa angre na kuutia katika mahindi yake hana dhambi yoyote. Mfuko ule ukikutana na udongo wenye majani yaliyooza, utazaa zaidi kuliko ukikutana na mchanga.

MLAJI YUKO KOLWEZI

Turudi kwa swali la mkulima wetu: hao walaji wanakaa wapi? Mlaji wa kwanza hayuko Ulaya. Yuko Kolwezi.

Kolwezi imejaa watu. Kobalti ya Kongo ni zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na vijana wanatoka kila upande, Kasaji pia, kuja kuchimba. Watu hao wanakula kila siku, na sehemu kubwa ya mahindi ya miji yetu ya shaba inatoka Zambia. Mwaka wa 2024 ukame ulipoipiga Zambia, rais wao alitangaza msiba wa taifa mwezi wa pili. Jirani anapokuwa na njaa, anafunga mpaka, na hatuna ruhusa ya kumlaumu.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Watafiti wa Lubumbashi walipima mboga za majani zilizouzishwa katika masoko ya eneo la migodi, wakaandika mwaka wa 2013 kwamba ndani yake mna shaba, kobalti, risasi na kadimiamu kupita kipimo. Mwaka wa 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven waliandika juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliogeuka mgodi, wakaonyesha kobalti katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa watoto. Mwezi wa pili wa mwaka wa 2025, ng'ambo ya mpaka karibu na Kitwe, bwawa la maji machafu la kiwanda cha shaba lilipasuka, tindikali ikaingia mtoni, samaki wakafa, na mashamba ya kandokando yakaungua.

Mama wa Kolwezi anayelima lengalenga nyuma ya nyumba, bila angre, bila dawa, kwa komposti tupu, anaweza kufuata kila sheria ya kilimo hai, na mboga yake ikawa bado na kobalti ndani. Kuosha kunaondoa vumbi la juu. Kilichopandishwa na mizizi hakioshwi. Si kosa lake. Hapa kwetu neno "safi" linahitaji kipimo cha pili, kile cha udongo na maji.

Na hapo ndipo Kasaji ina akiba ambayo haijaihesabu. Iko mbali na viwanda vya shaba. Udongo wake ni maskini, lakini haukumwagiwa tindikali. Hatusemi hivyo ili mtu abandike karatasi ya "safi" juu ya gunia bila kupima. Upimwe kwanza: udongo wa mashamba machache, maji ya visima, majani ya sombe. Matokeo yakiwa mazuri, maharagi, karanga, soya, sombe iliyokaushwa na mananasi ya Kasaji yana maana nyingine kabisa katika soko la Kolwezi, mbele ya mama anayelea watoto, na mbele ya kantini za makampuni zinazolisha wafanyakazi maelfu.

Kwa soko la namna hiyo cheti cha Ulaya si lazima. Kuna njia ambayo IFOAM yenyewe inaikubali: wakulima wanajipanga kwa vikundi, wanaandika masharti yao, wanakaguana shamba kwa shamba pamoja na wanunuzi, na anayedanganya anatolewa. Hakuna mkaguzi wa kulipia ndege. Kinachohitajika ni daftari, na watu wasioogopana. Hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza, hasa kama anayedanganya ni shemeji.

ASALI YA KABOMPO, PAMBA YA LANGO

Je, Ulaya tuiache? Hapana, lakini tuchague mzigo. Upande wa kusini wa mpaka, katika mkoa wa Kaskazini-Magharibi wa Zambia, ambako pia kuna Walunda, Waluvale na Wachokwe, wafuga nyuki wa Kabompo walijipanga tangu mwisho wa miaka ya 1970, wakapata kampuni yao, na katika miaka ya 1990 asali yao ilikuwa inauzishwa Uingereza kwa cheti cha kilimo hai. Juu ya nini asali? Kwa sababu haiozi njiani, thamani yake ni kubwa kuliko uzito wake, na nyuki wanakula katika pori ambalo halijapuliziwa dawa. Masharti ya Ulaya yanataka kilometa tatu kuzunguka mizinga ziwe safi, na katika miombo kilometa tatu si kitu. Jirani pale pale, Mwinilunga, serikali ya Zambia ilijenga kiwanda cha kutia mananasi katika mikopo. Mananasi yalikuwa matamu, kiwanda kikafungwa. Nanasi ni maji, na maji hayapendi barabara mbaya.

Asali tunayo. Pori la Dilolo na watu wake wanaijua tangu zamani. Ila mzinga wa ganda la mti unaua mti, na anayechoma pori mwezi wa tisa anachoma maua ya nyuki.

Uganda ndiyo imekwenda mbali zaidi kati ya majirani zetu. Miaka ya Idi Amin iliacha wakulima bila dawa na bila mbolea. Kutoka mwaka wa 1994, kule Lango, kaskazini, walianza na pamba, kisha ikaja kahawa, vanila, matunda makavu. Katika miaka ya 2010 nchi ilihesabiwa kuwa na wakulima wenye cheti zaidi ya 200,000. Na mwaka wa 2007 nchi za Afrika ya Mashariki zilikubaliana juu ya masharti yao wenyewe na alama yao, Kilimohai.

Lakini soma na ukurasa wa nyuma. Mwaka wa 2008 serikali ya Uganda ilipiga DDT ndani ya nyumba za Apac na Oyam ili kuua mbu wa malaria. Wanunuzi wa pamba na ufuta wa Lango waliogopa, wakakataa mazao, na kesi ikaenda mahakamani. Mtoto anakufa kwa malaria, na mkulima anapoteza soko lake: nani asiyeona haki ya pande zote mbili? Lakini wakulima waliofuata kila sharti kwa miaka kumi na minne walijua siku hiyo kwamba mlango wa soko lao unafungwa na mtu aliye mbali.

Masharti mapya ya Ulaya, yaliyoanza mwaka wa 2022, yanadai kikundi kisipite wakulima 2,000, na shamba la mazao ya mwaka lingoje miaka miwili bila dawa kabla ya cheti, la miti miaka mitatu. Penye ushahidi kwamba ardhi haikuguswa na dawa, muda unaweza kupunguzwa. Kwa Kasaji ushahidi huo ni jambo la kuandika leo, si siku mnunuzi atakapofika.

NA TRENI?

Yote haya yanasimama juu ya njia. Reli ya kutoka Tenke mpaka Dilolo, inayopita Kasaji, iliunganishwa na ile ya Lobito mwaka wa 1931. Upande wa Angola ilijengwa upya na kufika Luau, mpakani, na mwaka wa 2018 madini ya Kongo yalianza kupita tena. Mwaka wa 2022 makampuni ya kigeni yalipewa reli ile ya Angola kwa miaka 30. Dunia nzima inazungumza juu ya njia ya Lobito, na inazungumza juu ya shaba na kobalti. Hatujasikia mtu akiuliza kama treni itafunga behewa moja kwa ajili ya maharagi. Mafundi wa reli wanajua kwamba treni isiyosimama Kasaji inapita Kasaji sawa na ndege.

Sheria ya madini ya mwaka wa 2018 inagawa ushuru wa madini: asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa eneo lenye mgodi. Kasaji haina mgodi mkubwa, kwa hiyo ile 15 inaipita. Lakini ile 25 ni ya mkoa wote, na barabara ya Kolwezi kwenda Dilolo ni ya watu wa mkoa. Hapo wajumbe waliochaguliwa na watu wa Dilolo wana kazi ya kuuliza, na kuuliza tena.

Nyumbani hesabu ni fupi. Kijana akishuka Kolwezi kuchimba, anaweza kurudisha kwa siku chache pesa ambayo mahindi hayatoi kwa miezi. Anaweza pia asirudi, shimo likimfunika. Baba anayetaka abaki hawezi kumbakiza kwa maneno tu, wala kwa shamba linaloshuka kila mwaka. Labda kwa mizinga kumi, hekta ya karanga na soya zinazobadilishana na mahindi, na mnunuzi mmoja wa hakika Kolwezi aliyeweka sahihi juu ya karatasi. Labda. Mwaka wa kwanza na wa pili bado atamtazama mwenzake anayerudi na moto mpya.

Mvua za kule zinaanza mwezi wa tisa au wa kumi. Mbegu za mbaazi na mukuna zitafutwe mapema, kabla ya bei kupanda, na zitiwe kati ya mistari wiki tatu au nne baada ya mahindi kuota, zisiyanyonge. Titonia ikatwe wiki mbili mbele ya kupanda. Na majani ya karanga za mwaka huu, tafadhali, mtu asiyachome.